Wimbo wa Kushonea Bawa

Ukiwauliza watu wa kiwanda kile ndege moja ya vita inachukua muda gani kutengenezwa, kila banda lilikuwa na jibu lake. Mafundi wa kiunzi, waliounganisha mifupa ya chuma chepesi, walisema wiki mbili, na walisema vifua mbele, kana kwamba ndege ikitoka mikononi mwao kilichobaki ni kupaa tu. Watu wa injini walisema siku tatu, mradi mtu asije kuwaulizauliza. Wapaka rangi walisema inategemea mvua, maana katika bonde lile la Wales mvua haikungoja msimu, ilinyesha kwa mazoea. Langoni kulikuwa na bango kubwa lenye idadi ya ndege za wiki, na kila mtu alilipita akidhani ni la kuwatisha Wajerumani.

Wanawake wa banda la mabawa ndio pekee ambao hawakujibu. Walitazamana tu, wakacheka chini chini. Wao walijua kwamba bawa huchukua muda wa wimbo, na wimbo huchukua muda anaoutaka Tegwen Rowlands.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bawa lilisimamishwa wima kama ukuta, refu kuliko basi, likiwa limevishwa kitani pande zote mbili. Wanawake wanane walisimama upande huu na wanane upande ule, kila mmoja na mwenzake, na hakuna aliyemwona mwenzake. Wa huku alichoma sindano ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Wa kule akaipokea, akauzungusha uzi kwenye ubavu wa bawa, akafunga fundo, akairudisha. Kila jozi ilipitisha sindano hiyo mara mia kadhaa mpaka bawa likaisha. Usipojua mwenzako yuko tayari wakati gani, unamchoma kidole. Ungeweza kusema "tayari" mara zote hizo mpaka koo likauke, au ungeweza kuimba. Wao waliimba. Sindano iliingia mstari unapoanza, ikarudi ulipofika katikati, na fundo likakazwa pale watu wanapovuta pumzi.

Na katika makanisa ya huko wimbo una mtu mmoja wa kuuinua. Mwinua wimbo ndiye anayeamua ni wimbo gani, uanzie sauti ipi, uende mwendo gani. Mchungaji mwenyewe hamwingilii. Ukitaka kumsema, subiri ufike nyumbani ufunge mlango. Kanisani utauimba ulivyoinuliwa. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba desturi hiyo ifuatwe kiwandani. Iliingia na wanawake asubuhi ya kwanza ya kazi, pamoja na vikapu vyao vya chakula.

Mwinua wimbo wa banda alikuwa Marged Rowlands, mama yake Tegwen. Marged alifariki Januari, kwa homa ya mapafu iliyomchukua siku nne tu, mwanamke ambaye hakuwahi kulala mchana maisha yake yote. Jumatatu baada ya mazishi Tegwen alirudi kazini. Alikuta wenzake wameacha nafasi ya mama yake wazi, pale kwenye ncha ya bawa, na wote wamesimama, sindano tayari, wakimtazama. Akaenda akasimama pale. Akainua wimbo wa mazishi.

Kesho yake akainua wimbo mwingine wa mazishi. Sasa ilikuwa Aprili, na bado alikuwa makaburini. Kitabu cha nyimbo cha kanisa lao kilikuwa na nyimbo za kifo nyingi kuliko mtu anavyodhani: za kufa ghafla, za kufa polepole, za kufia baharini, za kungoja kuvuka mto, za kuuvuka, za kufika ng'ambo na kutazama nyuma. Tegwen alikuwa amezimaliza zote na kuanza upya. Bawa ambalo zamani lilishonwa kwa saa saba sasa lilichukua tisa.

Hakuna aliyemwambia. Unamwambiaje mtu kwamba kilio chake kimezidi kwa saa mbili?

Yeye mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba akiinua sauti asubuhi, zile sauti kumi na tano zikaja chini yake, kifua chake kilifunguka kidogo, na jioni ikifika kilijifunga tena. Mama yake ndiye aliyewafundisha wote. Wale wa sauti ya chini bado walivuta pumzi mahali palepale alipowaambia wavute. Nansi Ellis bado aliuma neno la mwisho la ubeti kwa namna ambayo Marged alimgombeza kwayo miaka mitatu bila mafanikio. Nyumbani kiti cha mama yake kilikuwa kitupu na saa ya ukutani ilisikika mno. Bandani, mama yake alikuwa amesambaa katika watu kumi na tano, na Tegwen aliweza kumkusanya kila siku kuanzia saa moja na nusu asubuhi.

Basi ndipo alipokuja Tapscott.

Alikuwa Mwingereza mwembamba, mpole, aliyesikia baridi hata mbele ya jiko, na alivaa saa ya kupimia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alitumwa na wakubwa kuchunguza kwa nini mabawa yamechelewa. Watu wa huko humpa kila mtu jina la kazi yake, kwa kuwa majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai alikuwa ameshakuwa Tapscott Saa. Hakujali, kwa sababu hakujua Kiwelshi. Ilibidi Nansi amfasirie, maana Nansi aliwahi kutandika vitanda katika hoteli ya pwani na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko kilivyohitajika.

Tapscott alikuwa na karatasi yenye mstari. Mstari ulitambaa chini mwaka mzima uliopita, kisha Januari ukaruka juu kama paka aliyekanyagwa mkia. Akauliza, kwa adabu, nini kilitokea Januari.

Nansi akalifasiri swali lile sawasawa. Tegwen alikuwa upande wa pili wa bawa, akitafuta mwisho wa uzi, hakusikia. Wanawake wakamwangalia Leusa Pugh, mjane wa mtu wa posta, ambaye kwa hiyo aliitwa Leusa Posta na alikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi.

"Mwambie ni sindano," alisema Leusa. "Za Januari ni butu."

Tapscott akaandika. Baada ya siku mbili zikaja sindano mpya, kali, nzuri ajabu, na bawa likachukua saa tisa. Akauliza tena. Safari hii Leusa alisema ni taa, na taa zikabadilishwa. Banda likang'aa mpaka wanawake wakaanza kuonana mikunjo, jambo ambalo hawakulifurahia. Saa tisa. Leusa akasema ni jiko, liko mbali, vidole vinakufa ganzi. Jiko likahamishwa na vibarua wanne, na Tapscott akawashukuru wote kwa kumwambia ukweli. Usiku Leusa hakulala vizuri kwa dhambi hiyo ya jiko, au ndivyo alivyodai, lakini asubuhi aliwaambia wenzake kwamba mtu huyu akiendelea na moyo huo watamwomba mito ya kukalia. Wao walifanya kazi wakiwa wamesimama.

Mchezo huo ungeweza kuendelea mpaka vita viishe, lakini ikaja barua. Msimamizi wa banda, Emrys Bebb, mzee wa kanisa mwenye goti bovu na filimbi, na kwa hiyo Bebb Filimbi, aliwakusanya akaisoma. Wakubwa walisema hivi: Ijumaa ya mwisho ya Aprili bawa moja litapimwa. Likizidi saa saba na nusu, kikosi cha mabawa kitavunjwa, na wanawake watagawanywa wawili wawili katika mabanda mengine, chini ya wanaume wanaojua kukimbiza kazi.

Mabanda mengine yalikuwa ya nyundo za kugongea misumari ya chuma. Humo watu walizungumza kwa vidole. Hakuna aliyewahi kuimba humo, na kama aliwahi, hakuna aliyemsikia.

Tegwen aliikunja ile habari akaenda nayo nyumbani kama mzigo wa kuni mbichi. Aliwaza: Leusa ataenda kule, Nansi kule, wale wa sauti ya chini watatawanywa, na mama atakuwa amekufa mara ya pili, safari hii bila hata mazishi. Tangu kesho yake alikazana. Alivuta uzi kwa nguvu mpaka vidole vikachanika, aliwahimiza wenzake, alipunguza muda wake wa chai. Halafu akainua wimbo wa kungoja kuvuka mto, beti kumi na moja, na bawa likachukua saa tisa na dakika tano.

Aliyegundua alikuwa Tapscott, na aligundua kwa kijiko. Alikuwa amekaa karibu na lile jiko lililohamishwa akikoroga chai, akaona kwamba kijiko chake kinazunguka polepole, polepole, kama mtu anayevuta maji kisimani, na kwamba sindano nane zinaingia na kutoka pamoja nacho. Akaacha kukoroga. Akashika saa yake, akapima ubeti mmoja. Akapima mwingine. Akapiga hesabu nyuma ya karatasi, kisha akakaa akiitazama kwa muda mrefu, mtu aliyehamisha jiko.

Alimwita Nansi kando akamwomba awaambie wenzake waimbe kitu cha haraka zaidi. Nansi akamjibu kwamba hilo haliwezekani, kwamba wimbo una mwenyewe. Tapscott akauliza mwenyewe ni nani. Nansi, huku Tegwen yuko mbele ya macho yao akiimba peke yake mstari wa kwanza wa ubeti mpya, alisema hajui.

Kwa kuwa hakutaka kumuudhi mtu, Tapscott alifanya jambo ambalo kwa Mwingereza lilionekana la busara. Alifunga kipaza sauti ukutani na kuwapigia muziki wa dansi wa redioni.

Siku hiyo ilikumbukwa sana. Muziki ule ulikuwa na tabia ya kuruka pale usipotarajia na kuchelewa pale unapoungoja, na mikono iliyofundishwa kanisani haikuujua. Kabla ya saa nne Nansi alikuwa amechomwa mara tatu na mwenzake mara tano, na kila mmoja aliamini mwenziwe amefanya makusudi. Leusa alipokea sindano kwenye kidole gumba akasema neno ambalo Bebb, kama mzee wa kanisa, ilimbidi ajifanye hakulisikia. Mishono ilikwenda mrama kama nyayo za mtu atokaye kilabuni. Mkaguzi alipokuja jioni alikuta matone ya damu kwenye kitani na mafundo hewani, akaamuru bawa zima lifumuliwe. Kushona, kufumua na kushona tena kulichukua saa ishirini na moja. Mstari wa Tapscott ulitoka nje ya karatasi.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Ndipo Tapscott alipomwendea Tegwen mwenyewe, wakati wa chai, mkononi ana ile karatasi. Hakumwita Nansi. Alizungumza Kiingereza cha polepole, na Tegwen alikielewa cha kutosha.

Alimwonyesha mstari. Akamweleza kwamba bawa linafuata wimbo, kwamba hilo sasa ana hakika nalo, na kwamba ameambiwa na masikio yake mwenyewe ni nani anayeuinua. Kisha akaweka kidole pale mstari uliporuka.

"Hii ni Jumatatu, tarehe kumi na nane Januari," alisema. "Samahani kukuuliza, Bi Rowlands. Jumatatu ile kulikuwa na nini?"

"Nilikuwa nimerudi kutoka kumzika mama yangu," alisema Tegwen.

Tapscott akaikunja karatasi mara mbili, akaikunja tena, akaitia mfukoni kama mtu aliyekutwa na barua isiyo yake. Alisema pole. Alisema kwamba yeye alidhani ni sindano. Kisha akaondoka akapitia mlango usio wake, ule wa banda la wapaka rangi, akabaki humo kwenye harufu kali muda mrefu kuliko ilivyo afya.

Tegwen aliwakuta wenzake kantini, wamezunguka meza yao, vidole vyao vimefungwa vitambaa kama majeruhi. Hakukaa. Aliwauliza kama walijua.

Kila mtu akaangalia kikombe chake. Nansi akaanza kusema jambo juu ya taa.

"Nyamaza wewe," alisema Leusa. "Tulijua, mwanangu. Tangu wiki ya kwanza."

"Miezi mitatu mnarudi nyumbani kwa basi la mwisho kwa ajili yangu, na hakuna aliyefungua mdomo?"

"Tungefungua tukasemaje? Tegwen, mpenzi, lia upesi, tuna viazi jikoni?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Tegwen akakaa. Alisema hawezi kuinua wimbo mwingine. Alijaribu, alisema. Asubuhi moja alifungua mdomo kuinua ule wa mavuno, ule wa furaha, akaona ni kama kuvaa nguo nyekundu matangani. Nyimbo za mazishi ndizo zinazomleta mama yake karibu. Akiziacha, amemwacha.

Leusa alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia njia: "Ulishamsikia mama yako akiimba wimbo wa mazishi kwa mwendo huo wako?"

Tegwen akafikiri.

Leusa hakumngoja. Aliwasimulia mazishi ya mumewe, ya mtu wa posta, ingawa karibu wote walikuwepo. Marged aliinua wimbo langoni mwa kanisa, na siku hiyo Marged alikuwa na mikate ndani ya tanuri, kwa hiyo akauinua kwa mwendo wa mikate. Wabeba jeneza wakafanyaje? Walifuata wimbo. Walikwenda kilima kile karibu mbio, jeneza linaruka begani, waombolezaji wameshika kofia, na walifika kaburini kabla ya mchungaji, ikabidi wamngoje wakihema.

"Mume wangu alipeleka barua miaka thelathini," alisema Leusa, "na hakuwahi yeye mwenyewe kufikishwa haraka namna ile."

Safari hii hawakujificha kwenye vikohozi. Kila mmoja alikuwa na lake. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye Marged alimzika kati ya mvua mbili bila mtu kulowa. Kulikuwa na mchungaji wa zamani aliyemwomba apunguze mwendo kwa heshima ya marehemu, naye akamjibu kwamba marehemu ndiye pekee pale asiye na kazi ya kufanya. Tegwen aliyajua yote hayo. Alishangaa jinsi alivyokuwa ameyaweka mbali, kama sahani nzuri zinazofichwa kabatini mpaka zikasahauliwa. Alijikuta anacheka, na kicheko kilimuuma ubavuni, mahali kilipokuwa hakijapita muda mrefu.

"Basi ule mwendo nilioushika ni wa nani?" aliuliza.

Wote walijua jibu. Siku ya kumzika Marged, Tegwen alikuwa mfiwa, na mfiwa hainui wimbo. Aliyeinua alikuwa mzee wa kanisa, Emrys Bebb, akipanda kilima na goti lake bovu, hatua moja, pumzi, hatua nyingine, pumzi. Tegwen alikuwa ametembea nyuma ya jeneza kwa mwendo ule, na akabaki nao.

"Mungu wangu," alisema Nansi. "Tunashona mabawa ya vita kwa mwendo wa goti la Bebb."

Na Bebb mwenyewe, wakati huohuo, alikuwa mlangoni akipuliza filimbi kuwahimiza warudi kazini upesi.

Ijumaa ile ilikuja na mvua. Tapscott alikuwepo, saa yake shingoni, lakini alisimama mbali, nyuma ya jiko. Walikuja wakubwa wawili wenye makoti, wakasimama mbele. Mkaguzi alikuwepo. Bawa lilikuwa limesimamishwa, jeupe, tupu, na wanawake kumi na sita walikuwa wamesimama pande zake mbili na sindano zimeinuliwa. Bebb akapuliza filimbi.

Hakuna sindano iliyoingia. Walimngoja Tegwen.

Wakubwa wakatazamana. Kule nyuma ya jiko saa ya Tapscott ilikuwa inakwenda, tik, tik, na kwa heshima hakuitazama. Tegwen aliweka kiganja kwenye kitani. Alijua wimbo gani, hilo halikumpa shida. Ulikuwa ule ule wa kaburi la mama yake, wa kuvuka mto wenye maji baridi. Aliloogopa ni mwendo. Aliogopa kwamba akiuanza upesi atakuwa anamkimbia mama yake. Akajaribu kumwona mama yake kwenye kilima kile, si ndani ya jeneza, bali mbele yake, kofia kichwani, akigeuka kuwatazama wabeba jeneza kama watu wanaomcheleweshea tanuri.

Akauinua. Akauinua kwa mwendo wa mikate.

Mstari wa kwanza aliwashtua, ni Leusa peke yake aliyemfuata. Mstari wa pili wakaja nusu yao. Kufika wa tatu kumi na tano wote walikuwa nyuma yake, na sindano zikaingia pamoja kwa mlio mmoja mdogo, kama mvua inapoanza kwenye bati. Wimbo ulisema juu ya mto mkuu wa mauti, na waliuvuka kama watu wanaowahi soko. Waliuvuka wakaurudia. Kila walipofika ng'ambo Tegwen aliwarudisha ukingoni, wakauvuka tena. Pumzi zilikuwa fupi na mafundo yalikazwa kwenye pumzi hizo fupi, na hakuna aliyemchoma mwenziwe. Kwenye ubeti wa tatu wa mzunguko wa nne Tegwen alikuwa analia, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuna mkono wa kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Sauti haikutetemeka. Upande wa pili wa bawa, Leusa, ambaye hakuweza kumwona, alivuta uzi uliotoka kwa Tegwen akauhisi umelowa, akaufunga vilevile.

Mchana Bebb alimjia Leusa akiwa amekunja uso. Alisema kwamba kwa maoni yake, kama mzee wa kanisa, wimbo ule hauimbwi hivyo, si heshima. Leusa alimjibu bila kupunguza kasi kwamba akitaka kulalamika angoje afike nyumbani kwake afunge mlango, na kwamba kwa sasa amezuia mwanga.

Fundo la mwisho lilikazwa saa nane na dakika arobaini mchana. Tapscott alisimamisha saa yake, akaitazama, akaipeleka sikioni kuhakikisha haijafa. Muda ulikuwa saa saba na dakika kumi. Mkaguzi alipita na kidole chake juu ya kila mshono, pande zote mbili, akarudi akitafuta cha kusema, akakosa. Wakubwa wenye makoti walipeana mikono wao kwa wao na kwenda kula. Kikosi kilibaki kama kilivyo.

Karatasi ya Tapscott ilikuwa na safu ya sababu ya mabadiliko, na hakuweza kuiacha wazi. Alimwendea Tegwen na kalamu. Alisema angeandika chochote atakachomwambia, hata kama ni jiko.

"Andika Marged Rowlands," alisema Tegwen.

Akamtajia herufi moja moja, naye akaziandika kwa uangalifu kama mtu anayeshona. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, wimbo ule mchangamfu ulikuwa unahusu nini. Nansi, aliyekuwa karibu, alimwambia unahusu kufa. Tapscott alicheka, akidhani ni utani, na Nansi hakuona sababu ya kumrekebisha.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na bawa jingine, kama ilivyokuwa kila Jumatatu. Asubuhi Tegwen aliinua ule wa mavuno, nao ukaenda vizuri. Mchana, jua lilipoingia kidogo dirishani, alirudi kwenye mto kwa beti mbili za polepole, za polepole sana, na wenzake wakamfuata bila kugeuza shingo. Kisha akaharakisha. Bawa lile lilichukua saa saba na nusu, kasoro dakika mbili.